Mke wangu amekulia Naivasha bila kupanda mashua, tufungulieni njia za ziwani

Mhariri, habari za kazi, na salamu kwa wasomaji wote popote walipo.

Naandika kuhusu Ziwa Naivasha, hasa ufuo wake, manake magazeti yakiitaja Naivasha ni ama Safari Rally, ama maua, ama mafuriko ya mtaa wa Kihoto, na yote hayo ni habari za maana, lakini kuna swali moja ambalo kwa mtu wa pwani kama mimi ndo la kwanza kabisa na sijaona likiulizwa: mwananchi wa kawaida akitaka kushuka majini, anapita wapi?

Mke wangu amezaliwa Naivasha na kukulia Karagita, kando ya barabara ya Moi South Lake. Mama yake alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua, akichagua na kufunga mawaridi ya kupelekwa Ulaya, na kutoka nyumba waliyokuwa wakipanga mpaka ziwani ni mwendo wa mguu tu. Mpaka tunaoana alikuwa hajawahi kupanda chombo chochote ndani ya lile ziwa. Hata kuingiza miguu anasema walikuwa wanaingia kwa wizi, watoto, wakiangalia nyuma kama askari wa shamba anakuja. Mimi ni mtu wa Lamu, nimekulia ndani ya mashua ya mjomba wangu, kwetu mtoto anajua kushika kana, yaani mkono wa usukani, kabla hajajua kuandika jina lake, hivyo habari hiyo ilinikaa vibaya sana rohoni. Ndo nikamwambia safari hii tukienda kuwaamkia wazazi lazima tuingie ziwani, na tutaingia kwa tanga, hiyo boti ya injini tuwaachie wengine. Akasema, "Baba watoto, Naivasha kuna tanga kweli?" Nikamwambia penye maji na upepo hapakosi.

Tuliwaacha watoto kwa dada yangu Kisauni tukatoka Mombasa alfajiri. Nataka kuisemea kidogo hii barabara manake watu wengi siku hizi wanapanda treni ya SGR wanalala mpaka Nairobi, na sikatai, ni raha, lakini kwa gari lenu wenyewe, watu wawili, mnaiona nchi ikibadilika mbele ya macho. Mariakani malori yamejipanga, halafu baada ya Taru ule ukavu na ule udongo mwekundu unaoanza, Voi tukanywa chai, na kutoka hapo mpaka Mtito Andei unapita katikati ya Tsavo na ukibahatika utawaona ndovu wekundu kwa vumbi wako mbali na barabara. Mibuyu ya Mtito na Kibwezi mke wangu anaipenda kuliko kitu chochote njiani, kila tukipita lazima aseme itakuwa inakumbuka nini hii miti. Makindu tukasimama kwenye hekalu la Masingasinga, ambalo kwa wasiojua ni pale wasafiri wa dini yoyote wanakaribishwa chakula bure, unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini unakula dengu na chapati pamoja na madereva wa malori, na wallahi ukitoka pale moyo umetulia. Pale pamejengwa na watu wa reli tangu ukoloni na mpaka leo hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Hebu mlikumbuke hilo, manake nitakuja kusema habari za mageti.

Nairobi tulipita juu kwa ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, hatukutaka kusimama. Ukitoka Kikuyu na kufika Rironi unachagua, uende juu kwa Limuru na Kinungi, ama ukate kushoto uteremke Mai Mahiu. Sisi tuliteremka. Ilikuwa Agosti, na kule juu kabla hujateremka kuna baridi ambayo sisi wa pwani hatuna nguo zake, mke wangu alikuwa amebeba majaketi ya wote wawili manake ananijua. Halafu miti inafunguka upande wa kushoto na Bonde la Ufa lote liko chini yako, na mlima wa volkano wa Longonot umekaa katikati na kile kinywa chake. Pale wanauza kofia za ngozi ya kondoo na mahindi ya kuchoma, tukasimama tukala tukatazama. Chini kidogo ndo kile kikanisa kidogo walichojenga mateka wa vita wa Kitaliano 1942 wakati wakikata barabara, kimeegemea mlima, hakitoshi hata watu wengi. Mai Mahiu yenyewe tulipita kwa ukimya kidogo. Aprili 2024 maji yaliteremka usiku pale yakabeba nyumba na watu, wengi sana, na mke wangu alikuwa na watu anaowajua upande ule.

Sasa ziwa. Kwa mtu ambaye hajafika: hili ni ziwa la milimani, liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, lina Longonot ya mita 2,776 upande wa kusini mashariki, milima ya Nyandarua mashariki na Mau magharibi, ni kama maji yaliyotiwa katika kiganja cha mkono. Mito ya Malewa na Gilgil inaingia kutoka Nyandarua lakini hakuna mto unaotoka, maji yanapenya chini kwa chini ardhini, ndo maana yamebaki matamu ya kunywa wakati jirani zake kama Elmenteita na Nakuru ni ya magadi. Zamani hata ndege zilikuwa zinatua juu ya haya maji, zile ndege za Waingereza zenye tumbo la mashua, kuanzia 1937 mpaka 1950, abiria wakitoka Uingereza wanashukia Naivasha kisha wanapelekwa Nairobi kwa barabara. Mimi nikifikiria hivyo naona ziwa hili lilikuwa mlango wa nchi, na wakati huo huo wenyeji walikuwa wanaliona kwa mbali.

Wazazi walitupokea vizuri, tukalala, asubuhi tukaanza kutafuta njia ya kushuka. Na hapa ndo shida ilipoanza. Ukitembea na ile barabara ya South Lake, mkono wa ziwani ni ua, seng'enge, michongoma, ukuta, geti, halafu ua tena. Mashamba ya maua, mahoteli, kambi, nyumba za watu binafsi. Mabango yako mengi lakini ya kukwambia njia ya umma ya ziwani ni hii hapa sikuliona hata moja. Tulisimama kwenye geti la hoteli moja, sitaitaja jina, nikamwamkia askari nikamwambia sisi tunataka kufika kwenye maji tu. Akatuambia kuingia ni kulipa, kwa kila kichwa, halafu boti ni bei nyingine. Nikamuuliza kama mtu hataki boti wala chakula, anataka kuliona ziwa tu? Akasema, kwa heshima kabisa, "Mzee, ziwa liko ndani." Yule kijana simlaumu, kazi yake ni geti. Lakini mke wangu alinyamaza mpaka tumefika mbali, halafu akasema haya ndo maneno aliyokuwa akiambiwa mama yake.

Ziwa liko ndani ya nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaposema ardhi ya umma ni ipi inataja mito, maziwa na sehemu nyingine za maji. Ni mali yetu sote, mimi wa Lamu, mama mkwe wangu wa Karagita, na yule askari wa geti pia. Najua ukingo wa Naivasha una historia ndefu, ardhi ya kandokando ilishikwa na mashamba ya walowezi tangu enzi za mkoloni, halafu yakaja mashamba ya maua kwa wingi kuanzia miaka ya 1980, na nani alipewa nini kwa karatasi gani hayo ni mambo ya mawakili. Mimi nasema habari ya njia. Mtu anaweza kumiliki shamba na bado pakawa na ujia wa umma kando yake unaofika majini.

Hatimaye tulishukia Karagita, kwenye ufuo wa umma, manake upo, na ninashukuru upo. Na kule Kamere pia upo. Lakini nendeni mkauone. Pamebanwa, wavuvi, wauza samaki, boti za watalii, pikipiki, mapunda ya kuchota maji, kina mama wanafua, watu wote hawa wamebanana mahali padogo, na ziwa lenyewe limepanda. Wasomaji mnakumbuka 2020 maji yalivyoingia Kihoto, na 2025 yakarudi tena watu wakatolewa majumbani kwa mashua. Kila maji yakipanda, ule ufuo wa umma ndo unaomezwa, na nyuma yake kuna mali za watu, kwa hivyo hauwezi kurudi nyuma, unapungua tu. Miti ya migunga iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama ndani ya maji imekufa, myeupe mitupu, ndege minandi wamejaa juu yake.

Pale tukampata mzee mmoja fundi wa mashua, na huyu nitamwombea dua siku zote. Ana kijichombo cha tanga cha faiberi, cha watu wawili watatu, kilichokuwa cha mzungu mmoja akamwachia, rangi imekwisha lakini tanga amelishona mwenyewe vizuri sana. Nikamwambia mimi ni wa Lamu. Akanitazama, akanipa kamba akaniambia funga. Nikafunga. Akacheka akasema haya, nendeni, lakini kwanza nisikilizeni. Akatuvisha laifujaketi akavuta mikanda mwenyewe kuhakikisha. Akatuambia tusikaribie mafunjo, manake viboko wanakaa kwenye maji machache ya kando, na chombo cha tanga hakina kelele, kwa hivyo tukisogea popote karibu na kando tugonge ubavu wa chombo mara kwa mara wasikie tunakuja. Tuangalie ile miti iliyokufa, mingine imekatika na visiki viko chini ya maji havionekani. Na saa kumi ikipita tuwe tumeshaanza kurudi, manake jioni viboko wanatoka kwenda kula na upepo nao unakuwa mkali.

Upepo wa kule niwaeleze vizuri, manake mimi nilikuwa najua kaskazi na kusi, pepo zinazokaa misimu. Naivasha upepo unaenda na saa. Asubuhi ziwa limelala kabisa, unaona Longonot kichwa chini ndani ya maji. Jua likipanda ile ardhi ya bondeni na kuta za milima zinapata joto, hewa inapanda juu na nyingine inavutwa kuja kujaza, na kufika saa saba saa nane za mchana unauona upepo kwa macho, mstari mweusi juu ya maji unakuja. Na kwa sababu ziwa si refu kwenda chini, mawimbi yake ni mafupi mafupi na ya haraka, tofauti kabisa na yale marefu ya bahari. Kwa mtu wa jahazi inataka kuzoea.

Chombo chenyewe pia ni tofauti. Mashua zetu tanga limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu wa kuning'inizia tanga, na ukitaka kugeuza kwenda upande wa pili ni kazi ya watu, foromali inapitishwa mbele ya mlingoti, kamba zinahama, kila mtu na kazi yake. Hiki tanga limeshikwa na mlingoti wenyewe, na chini kuna boriti inayokata juu ya vichwa mkigeuka, mnainama, inapita, mnakaa upande mwingine, mmemaliza. Halafu badala ya mkuku wa kudumu, ule uti wa chini ya chombo, kina ubao unaoteremshwa chini katikati, ukiwa na upepo wa nyuma unaupandisha, ukienda kubisha, yaani kuelekea upepo unakotoka, unauteremsha. Mtu mmoja anaweza, wawili ni starehe.

Mimi nikashika kana, mke wangu nikampa demani, yaani ile kamba ya kuvuta na kuachia tanga. Nikamwambia vuta mpaka tanga liache kupigapiga, chombo kikilala sana legeza. Basi. Dakika za kwanza alikuwa ameikamata ile kamba kwa mikono miwili ananiuliza kila sekunde, hivi, ama hivi? Baadaye akaacha kuniuliza. Tulikuwa tumeshapita ile miti tuko maji makubwa, upepo ukaingia vizuri ubavuni, chombo kikalala kidogo kikaanza kukimbia, na yeye akakaa upande wa joshini, upepo unakotoka, ameegemea nyuma bila kuambiwa na mtu, mwili umejua wenyewe. Akaanza kunionyesha. Ile pale hospitali niliyozaliwa inaelekea huko. Yale mapaa meupe ya plastiki ndo shamba la mama. Ile minara ya mvuke kule nyuma ni Olkaria, panapotolewa umeme. Shule yetu hapo, unaona ile miti? Alikuwa anauona mji wake kutoka upande ambao hajawahi kuuona maishani, mtu mzima, mama wa watoto, na machozi yakamtoka. Nami pia. Furukombe alikuwa analia juu ya mti mmojawapo, wale wa kichwa cheupe, na ndege mwari wakapita chini chini juu ya maji kwa mstari, lakini kwa kweli mimi nilikuwa namtazama yeye tu.

Siku iliyofuata tulirudi akashika kana yeye. Alijifunza kugeuza, akajifunza kubisha kwa kukata kushoto kulia kushoto kulia mpaka kufika mahali upepo unapotoka, na hilo ndo linalowashangaza watu wa bara kuliko yote, kwamba chombo kisicho na injini kinaweza kuufuata upepo unakotoka. Watoto wa Karagita walikuwa wamejaa ufuoni wanatutazama. Tulipofika mmoja, msichana mkubwa mkubwa, akamuuliza mke wangu kwa Kikikuyu kama ni yeye alikuwa anaendesha. Akamjibu ndiyo, na mimi ni wa hapa hapa. Yule mtoto hakuamini. Akauliza mara ya pili.

Sasa Mhariri, hapa ndo ninapotaka nisikilizwe. Naivasha tanga lipo, liko kilabu ya yoti ya miaka mingi, na mimi sina neno na wanachama wake, wanapenda ziwa na wanalijua. Lakini pale Karagita nimeuliza wavuvi, vijana wa boti, walimu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika tanga, wote wanaona ni mchezo wa wazungu na matajiri. Kwa mtu aliyetoka Lamu hilo ni jambo la ajabu na linaumiza. Tanga ni letu. Babu zetu wameenda Uarabuni na kurudi kwa tanga, Matondoni mafundi wanaunda mashua mpaka leo kwa mikono, na kila mwaka wakati wa Maulidi mashua zinashindana pale mbele ya mji na watu wote wanashuka kutazama bila kulipa geti. Inakuwaje nchi yenye ujuzi huu iwe na ziwa zuri namna hii, lenye upepo wa kuaminika kila mchana, na mtoto aliyezaliwa mita chache kutoka majini anakua bila kujua hata kuogelea?

Naomba kaunti ya Nakuru na wizara zinazohusika waanze na kazi ambayo si kubwa. Zile njia za umma zilizomo kwenye ramani zipimwe, ziwekewe mabango, na zilizozibwa zifunguliwe. Nasema zilizomo kwenye ramani manake sisi wa Mombasa tunaijua hii hadithi, njia za kushukia baharini Nyali na Bamburi zimekuwa zikizibwa moja moja mpaka watu wakaanza kupiga kelele, na ukichelewa kupiga kelele jengo limeshasimama. Na pale maji yanapopanda yakameza ufuo wa umma, serikali iwe na mpango wa kuusogeza, si kuuacha ufe. Hilo la kusogeza ndo naliona la haraka kuliko yote, manake ziwa halisubiri, na sasa hivi wavuvi wanateremsha nyavu zao penye matope ya vyoo vilivyozama.

Kuna watakaosema ukifungua ufuo mafunjo yatakatwa, wanyama watasumbuliwa, taka zitajaa. Hoja hiyo naiheshimu. Ziwa hili limo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya kulinda maeneo ya maji, tangu 1995, na mafunjo ndo yanayochuja matope ya mito kabla hayajaingia ziwani, yakiisha ziwa linachafuka na samaki wanaondoka. Viboko nao wanahitaji mapito yao. Kwa hivyo siombi ufuo wote ufunguliwe kama soko. Naomba mahali pachache panapojulikana, pazuri, penye choo, penye gati dogo linaloelea ambalo likipanda maji nalo linapanda, na penye mtu wa kukagua kwamba hakuna chombo kinachotoka bila laifujaketi za watu wote waliomo. Hili la laifujaketi nilisisitize, nimeona boti zimebeba familia nzima, watoto wamepakatwa, na majaketi yamerundikwa chini ya kiti. Watu wamekufa katika ziwa hili kwa upepo na kwa viboko, na wengi hawajui kuogelea, na wengi hawajui kuogelea kwa sababu hawajawahi kuruhusiwa kukaribia maji. Hayo ni mambo mawili yaliyofungamana.

Halafu lile la watoto. Kijichombo kidogo cha tanga cha mbao hakina gharama ya kutisha, hakili petroli, hakimwagi mafuta kwenye maji ambayo watu wanachota kunywa. Mafundi wetu wa Lamu wapo na kazi imepungua. Waletwe Naivasha mwezi mmoja wakae na vijana wa Karagita na Kamere waunde vichache, wawafundishe kushona tanga, shule za pale ziwe na siku ya maji. Yule mzee wa faiberi yuko tayari kufundisha bure, nimemuuliza, alichotaka ni mahali pa kuwekea vyombo pasipobomolewa. Mashamba ya maua na mahoteli yakitaka kusaidia, hapo ndo mahali pa kusaidia, wengi wa hao watoto ni watoto wa wafanyakazi wao.

Na nyinyi wanandoa mnaoenda Naivasha wikendi, hasa mnaotoka mbali, mkifika msiishie kwenye nyama na picha za pale juu escarpment. Nendeni Karagita ama Kamere, shukieni penye umma, lipeni wenyeji, vaeni jaketi, ingieni majini asubuhi kama mnataka utulivu na mchana kama mnataka upepo. Kadiri watu wengi wanavyotumia hizo njia za umma ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mtu kuja kuzifunga usiku. Mimi na mke wangu tumekubaliana likizo ya Disemba tunapanda tena, safari hii na watoto, na mama mkwe amesema naye ataingia chomboni, na kule Karagita watu wameshasikia.

Kama kuna afisa wa ardhi wa kaunti atakayeisoma barua hii namwomba anijibu kupitia gazeti hili hili, wasomaji wote waone: njia za umma za kufika Ziwa Naivasha ni ngapi, ziko wapi na wapi kwa majina, kila moja ina upana wa mita ngapi, na ramani yake mwananchi anaenda kuitazama ofisi gani?

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa